Siku 21 Kabla ya Ndoa

Mhadhara kwa wachumba, wazazi na wasimamizi wa ndoa



Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inawataka mwanamume na mwanamke wanaokusudia kuoana wapeleke taarifa kwa msajili au kwa mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Wakatoliki wanaifahamu zaidi kwa sura ya tangazo linalosomwa kanisani Jumapili tatu, majina ya wachumba yakitajwa pamoja na ya wazazi wao na jumuiya wanazotoka. Muda huo umewekwa kwa ajili ya watu wa nje: mke aliyeachwa kijijini bila talaka, mzazi ambaye hakushirikishwa, jirani anayejua undugu wa damu ambao vijana hawaujui.

Wachumba wenyewe hawakupangiwa muda wa kuulizana. Kamati ya harusi inaweza kukaa vikao kumi na viwili, yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ikajadili rangi ya vitambaa vya viti hadi saa nne za usiku. Wachumba wale wale huenda wasikae hata kikao kimoja cha watu wawili chenye ajenda ya kodi ya nyumba, madeni au kipimo cha damu. Mhadhara huu unakusudia kueleza mambo yanayopaswa kuwekwa mezani na watu hao wawili kabla siku 21 hazijakwisha. Ni hoja sita, na hazina uzito sawa. Ya pili na ya nne zitachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndizo zinazozungumzwa kwa uchache zaidi.

Hoja ya kwanza: aina ya ndoa inayofungwa

Fomu ya taarifa huuliza majina, umri, makazi na hali ya ndoa ya kila mmoja. Ikiwa ndoa inayokusudiwa ni ya wake wengi, au inaweza kuja kuwa ya wake wengi, jambo hilo hutakiwa kutajwa. Kalamu inapofika hapo, mara nyingi bwana harusi hujaza haraka na bibi harusi yuko kwenye simu anamjibu mpambaji. Alama moja inawekwa kwenye kisanduku, na alama hiyo ndiyo itakayoamua kama siku moja, baada ya miaka kumi na mitano, mke mwingine anaweza kuingia kihalali.

Sheria inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu au za kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ndoa nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja. Wengi hawajui maana ya maneno hayo "mpaka ithibitishwe vinginevyo". Maana yake ni kwamba wachumba wanaofunga ndoa ya kimila wanaweza kukubaliana kuwa yao ni ya mke mmoja, wakaandikisha hivyo. Binti anayedhani ni mke pekee kwa kuwa aliahidiwa kwa mdomo, kumbe cheti chake kinasema vinginevyo, hana cha kushika.

Ndoa inaweza pia kubadilishwa baadaye kutoka aina moja kwenda nyingine, kwa tamko la pamoja la mume na mke mbele ya jaji au hakimu, kila mmoja kwa hiari yake. Ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haibadiliki maadamu wote wawili wangali Wakristo. Na katika ndoa ya wake wengi, mke aliyepo anayo haki ya kuweka pingamizi ndani ya zile siku 21, akionyesha kuwa kipato cha mume ni kidogo na kuongeza mke kutamletea dhiki yeye na watoto wake wadogo.

Umri nao hautaki mjadala mrefu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliuunga mkono uamuzi huo. Mzazi anayepokea barua ya posa ya binti wa miaka 16 na ajibu kuwa mtoto yuko shuleni.

Kwa wasikilizaji waliotoka Zanzibar, sheria hii haivuki bahari. Huko mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Ushauri wa kuulizana mapema, hata hivyo, ni ule ule.

Hoja ya pili: harusi iendeshwe kwa fedha iliyopo

Kamati ya harusi ni jambo jema. Inawakusanya ndugu, majirani na wafanyakazi wenza, inawaondolea vijana mzigo ambao wasingeubeba peke yao, na inamfanya bwana harusi asiye na baba apate baba kumi. Udhaifu wake uko ndani ya daftari la mweka hazina. Daftari hilo kwa kawaida ni kaunta buku lenye safu nne zilizochorwa kwa rula: Jina, Ahadi, Taslimu, Baki. Bajeti hupangwa kwa kutazama safu ya Ahadi. Ukumbi, mpishi na mpiga picha hulipwa kutoka safu ya Taslimu.

Uchukuliwe mfano. Wanakamati 30 wameahidi Sh. 200,000 kila mmoja, jumla Sh. 6,000,000. Waalikwa 150 wamepelekewa kadi za mchango za Sh. 100,000, jumla Sh. 15,000,000. Kwenye karatasi kamati ina milioni 21, na kwa furaha hiyo inapitisha bajeti ya milioni 21. Inapobaki wiki moja, safu ya Taslimu inasoma milioni 14. Ukumbi umeshapewa kianzio ambacho hakirudi, mpishi anadai nusu iliyobaki kabla hajanunua nyama, na mpambaji hafungi kitambaa hata kimoja bila kulipwa. Pengo ni milioni saba. Mjomba na shangazi wanatoa mbili. Tano zilizobaki bwana harusi anakwenda kuzikopa kimyakimya, bila bibi harusi kujua.

Akirejesha Sh. 280,000 kila mwezi kwa miaka miwili, atakuwa amelipa Sh. 6,720,000. Hapo amekopa mahali penye nafuu. Akiangukia mikopo ya kausha damu, hesabu haifiki hata mwisho wa mwaka kabla televisheni ya zawadi haijachukuliwa sebuleni. Na miaka hiyo miwili ndiyo ya kodi ya nyumba ya kwanza, ya godoro na majiko, na aghalabu ndiyo ya mtoto wa kwanza. Mke anauliza mshahara unakwenda wapi. Mume anajibu kwa ukali kwa sababu jibu la kweli linamwaibisha. Wasimamizi wa ndoa waliomo ukumbini wamesuluhisha ugomvi wa namna hii mara nyingi, na wanajua kuwa chanzo chake hakikuwa tabia ya mume wala ya mke, bali kikao kimoja kilichopitisha bajeti kwa ahadi.

Tiba yake ni ya kiutendaji. Kwanza, idadi ya wageni ipangwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu chakula, vinywaji, viti na ukubwa wa ukumbi vyote hufuata vichwa. Sahani ya Sh. 30,000 kwa wageni 250 ni Sh. 7,500,000. Kwa wageni 150 ni Sh. 4,500,000. Tofauti ya milioni tatu ni kodi ya mwaka mzima ya nyumba ya Sh. 250,000 kwa mwezi. Wachumba waulizane kwa dhati ni wageni gani mia moja wanaostahili kuliko paa la mwaka wa kwanza.

Pili, kamati ikubaliane tangu kikao cha kwanza kuwa hakuna mkataba utakaosainiwa kwa fedha ambayo haijaingia. Bajeti iwe na ngazi: cha lazima kikilipwa ndipo kinachofuata kifunguliwe. Cheti, mavazi, chakula na usafiri viko ngazi ya kwanza. Matarumbeta, keki ya ghorofa na gari la kukodi kutoka mkoa mwingine viko ngazi ya mwisho. Fedha ikiishia ngazi ya pili, harusi inafungwa vilevile na maharusi wanapendeza vilevile.

Tatu, makubaliano na ukumbi, mpishi, mshereheshaji na mpiga picha yaandikwe: tarehe, saa ya kufunga, nani analeta jenereta umeme ukikatika, kianzio kiasi gani na kinarudi kwa masharti gani, picha zinakabidhiwa lini. Risiti zihifadhiwe pamoja na daftari. Namba ya simu inayopokea michango isiwe mikononi mwa mtu mmoja asiyekaguliwa, hata akiwa kaka wa tumbo moja. Taarifa ya miamala isomwe kila kikao. Kufanya hivyo kunamlinda mweka hazina mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nne, jambo dogo lenye uzito: kikao cha kuvunja kamati kikimalizika, daftari likabidhiwe kwa maharusi wenyewe. Mchango wa harusi katika nchi hii ni deni la heshima. Aliyetoa Sh. 100,000 leo atakuja na kadi ya mwanawe miaka minane ijayo, na wanandoa wanaoweza kufungua ukurasa na kuliona jina lake hawatamfedhehesha.

Sherehe za pembeni, yaani kichenipati, sendofu na begi pati, zina kamati zake na michango yake, na mara nyingi zinachota kwa watu wale wale. Familia mbili zikikaa pamoja mapema zinaweza kuamua ipi ifanyike na ipi iachwe.

Hoja ya tatu: mahari iandikwe kwa mafungu

Mshenga anaporudi na karatasi kutoka ukweni, karatasi hiyo huwa na mambo ya namna mbalimbali yaliyochanganywa: kishika uchumba, mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, ng'ombe au thamani yao, na mahari yenyewe. Kwa Waislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Wazazi hawana fungu ndani yake ila kwa ridhaa yake. Katika mila nyingi za bara, mahari huenda kwa familia. Matatizo huanza pale familia moja inapofikiri kwa desturi ya kwanza na nyingine kwa desturi ya pili, hasa vijana wanapotoka makabila au dini tofauti. Karatasi ikiandikwa kwa mafungu mawili, la binti na la wazazi, na kila malipo yakisainiwa siku yanapotolewa, mabishano mengi hayazaliwi.

Kisheria, ndoa haibatiliki kwa kuwa mahari haikukamilika. Mzazi anayemrudisha binti nyumbani kwa ajili ya ng'ombe wawili waliobaki anafanya hivyo kwa nguvu za mila tu. Na uchumba ukivunjika, aliyevunjiwa ahadi anaweza kudai fidia, na zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa inaweza kudaiwa irudishwe. Hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu kuoa au kuolewa kwa kuwa aliahidi.

Hoja ya nne: mali na madeni ya kila mmoja

Hapa ndipo aibu inapokuwa kubwa. Mchumba anaweza kujua jina la mwalimu wa darasa la kwanza la mwenzake na asijue mshahara wake. Kikao cha kwanza cha watu wawili kinapaswa kuwa na karatasi mbili mezani, kila mmoja na yake, yenye mistari mitatu: kinachoingia, kinachodaiwa, kinachopelekwa nyumbani kwa wazazi.

Kinachodaiwa kina sura nyingi. Mwajiriwa aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa mwenye mshahara wa Sh. 900,000, hiyo ni Sh. 135,000 kabla hajashika shilingi. Kuna rejesho la SACCOS, kuna hisa na jamii ya VICOBA, kuna rafiki aliyedhaminiwa benki na ameacha kulipa, kuna deni dogo la simu linalokatwa kila salio likiingia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo aibu. Kuyaficha ndiko kunakoumiza, kwa sababu mwenza atayagundua kwa njia mbaya, aghalabu kwa ujumbe wa simu uliofunguka usiku.

Kinachopelekwa nyumbani kinahitaji moyo. Kijana wa kwanza kuajiriwa katika ukoo hubeba ada za wadogo zake, dawa za mama na bati la nyumba ya babu. Mwenza anayeolewa au kuoa hapo anaingia kwenye mzigo huo pia, na ni haki yake auone kabla. Njia iliyowasaidia wengi ni kutaja kiasi badala ya kutaja nia: "Sh. 80,000 kila mwezi kwa wazazi wangu, Sh. 80,000 kwa wako, na dharura tutaijadili." Kiasi kikijulikana, wifi hatazamwi kwa jicho baya kila anapobisha hodi.

Sasa mali. Sheria inasema ndoa haibadilishi umiliki: aliyekuwa na shamba kabla ya ndoa anabaki na shamba lake. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Kitu kilichoandikwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa chake, na kilichoandikwa kwa majina yote mawili huchukuliwa kuwa cha nusu kwa nusu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo siku ya kuandika hati ya mauziano ya kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni siku kubwa, ingawa haina wapambe. Majina yatakayoandikwa pale yajadiliwe nyumbani, siyo palepale kwenye kiwanja huku muuzaji akiangalia saa.

Jambo moja linawachanganya wengi, nalo ni kiwanja kilichonunuliwa na mmoja kabla ya ndoa, kisha wote wawili wakajenga juu yake. Mume alinunua mwaka wa mwisho wa ujana wake. Mke akaleta mifuko ya saruji kutoka mshahara wake, akasimamia mafundi, akawapikia, akauza vitenge vyake kupata milango. Sheria inatambua kuwa mali iliyokuwapo kabla ya ndoa, ikiboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenza au kwa juhudi za pamoja, huingia katika hesabu ya mali ya wanandoa. Shida ni ushahidi. Risiti ya saruji yenye jina lake ni karatasi ndogo kuliko kiganja, na huoshwa pamoja na suruali. Bahasha moja ya risiti ndani ya kabati, yenye za mume na za mke, inatosha.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika upatikanaji wa mali ya familia. Mchumba anayepanga kumwambia mwenzake aache kazi ili alee watoto anapaswa kuijua kanuni hiyo, na mchumba anayepanga kuacha kazi anapaswa kuijua zaidi.

Mwisho wa hoja hii ni nyumba ya kuishi. Hata ikiandikwa kwa jina la mmoja, haiwezi kuuzwa, kupangishwa, kutolewa zawadi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, maadamu ndoa ipo. Benki zinajua hilo, ndiyo maana huomba saini ya mwenza. Saini hiyo isiwekwe kwa kuharakishwa. Anayesaini ridhaa ya rehani anakubali kuwa nyumba inaweza kupigwa mnada, na anastahili kuelezwa biashara inayokopewa, kiasi cha rejesho na siku ya mwisho ya kulipa.

Hoja ya tano: vipimo

Wachumba wengi hupima VVU, ama kwa hiari yao ama kwa kuhimizwa na viongozi wa dini, na hilo ni jema. Majibu yakitofautiana, uchumba si lazima uvunjike: anayetumia dawa vizuri mpaka virusi vikafubazwa na kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana, na wapo wanandoa wengi wenye hali tofauti wenye watoto wazima.

Kipimo kinachosahauliwa ni cha selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Mtu anaweza kubeba kinasaba chake maisha yote bila kuugua hata siku moja. Akikutana na mwenza anayekibeba pia, kila mimba yao ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Moja kati ya nne ni kwa kila mimba. Mtoto wa kwanza mzima hampunguzii wa pili hatari. Ndugu wa upande wowote aliyekuwa akiumwa viungo tangu utotoni, akiongezewa damu mara kwa mara, ni dalili ya kutosha ya kwenda kupima. Majibu yakionyesha wote ni wabebaji, uamuzi ni wao, lakini watauamua wakijua, na mtoto akizaliwa atapimwa mapema na kuanzishiwa matibabu kabla maumivu hayajamwanza.

Kundi la damu nalo lipimwe. Mama mwenye Rh hasi akibeba mimba ya baba mwenye Rh chanya anahitaji ufuatiliaji kliniki, na ipo sindano ya kuzuia madhara kwa mimba zinazofuata. Mwanamke anayetarajia kushika mimba miezi ya mwanzo ya ndoa ashauriwe kuanza asidi foliki, maikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba yenyewe, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto huumbika wiki za kwanza, mama akiwa bado hajajua.

Hoja ya sita: mafunzo ya pande zote mbili

Bibi harusi hufundwa. Ana somo au kungwi, ana kichenipati yenye shangazi kumi wanaonena kwa zamu, anaambiwa asemeje, apike nini, avumilie yapi. Bwana harusi hupewa nasaha za dakika tano na wajomba ambao nusu yao wanatania. Upungufu huo ni mkubwa. Anayekwenda kuwa kichwa cha nyumba, kama wengi wanavyopenda kumwita, anahitaji kufundwa zaidi: kusema samahani bila kuombwa, kumkingia mkewe maneno ya ndugu, kukaa na mtoto mwenye homa usiku. Wazee wa kiume waliopo hapa wanaombwa, kwa heshima zote, kulichukua jambo hili kama deni.

Na katika mafunzo hayo neno moja lisipunguzwe makali. Sheria ya Ndoa inatamka wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Binti asifundwe kuvumilia kipigo, kijana asifundwe kuwa kofi ni sehemu ya mapenzi.

Ugomvi wa kawaida utakuwapo. Wachumba wakubaliane mapema ni nani wa kwanza kupelekewa neno likiwashinda: msimamizi wa ndoa, mzee mmoja wa upande mmoja na mmoja wa upande wa pili. Kulisambaza kwenye kundi la simu la ukoo ni kulipa miguu. Likishindikana kwa wazee, lipo baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la jumuiya ya dini, ambalo ndilo la kupitiwa kabla shauri la talaka halijafika mahakamani. Na ndoa isiyotimiza miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama.

Kalenda ya mbele

Wengi waliopo leo wanalenga Desemba. Anayefunga ndoa tarehe 19 Desemba anapaswa kuwa amepeleka taarifa si baada ya tarehe 28 Novemba, na mwenye busara hasubiri tarehe hiyo. Agosti ni mwezi wa vipimo, ili majibu yapate muda wa kupokelewa kwa utulivu. Septemba ni kikao cha karatasi mbili, na idadi ya wageni ifungwe kabla kadi hazijachapwa. Oktoba karatasi ya mahari iwe imesainiwa na pande zote. Novemba fomu isomwe na wote wawili, mstari kwa mstari, kalamu ikiwa bado mezani.

Baada ya harusi kuna wiki ya kazi za karatasi: kuhakikisha ndoa imesajiliwa na cheti halisi kimechukuliwa, kuandikisha mwenza kwenye bima ya afya, kubadilisha majina ya wategemezi NSSF au PSSSF, ambako wengi bado wameandika mama mzazi peke yake. Halafu mweka hazina atakuja na kaunta buku lake, lenye madoa ya soda na majina mia moja na themanini. Likiwekwa kabatini karibu na bahasha ya risiti, ukurasa wake wa mwisho ulio wazi unatosha kuandikia kikao cha kwanza cha mwisho wa mwezi, cha watu wawili, tarehe 31 Januari.